Siku Kumi za Gari Jekundu

Vijana wangu wa gereji,

Wiki iliyopita nilistaafu, nikakabidhi kabati langu la zana. Nimewaachia jeki ndogo, bisibisi zote isipokuwa moja, na redio inayoshika stesheni moja tu. Sasa nakaa nyumbani, mtaa wa Lower West Side hapa Buffalo, dirisha wazi, nasikiliza magari yanavyopita na kukisia ni lipi lina plagi mbovu. Baba Eliya, mume wangu, amechoka na utabiri huo. Jana kaniambia, "Mama Eliya, chukua daftari uandike. Utapumzika wewe, nitapumzika na mimi." Basi naandika.

Habari za mishahara na vyeo sitazigusa. Cheo changu cha kwanza gereji kilikuwa ufagio, cha mwisho kikawa leseni ya ukaguzi, na katikati ni mafuta machafu. Nitawaeleza nilivyoingia katika kazi hii, na watu walionishika mkono, na zaidi ya yote zile siku kumi za gari jekundu. Kila mwaka mnaniuliza habari hiyo, na kila mwaka Bahati, fundi mwenzetu, anaisimulia vibaya.

Nilianzia kambini, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako sisi Warundi tulikaa muda mrefu mpaka watoto wetu wakadhani kambi ni nchi. Maji yetu yalivutwa na pampu ya dizeli. Siku moja nilikuwa kwenye foleni, ndoo mkononi, Eliya mgongoni, pampu ikakohoa mara tatu ikazimika. Fundi wake alikuwa Mtanzania mmoja mfupi aitwaye Samweli, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Akafungua hiki, akafunga kile. Mimi nikajisemea, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hiyo inakosa pumzi."

Akageuka. "Nani kasema?"

Foleni nzima ikaninyooshea kidole kama mwizi. Samweli akafungua chujio la hewa, likamwaga vumbi la kutosha kupandia mihogo. Kesho yake nikaanza kazi ya kuosha machujio.

Samweli alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika spana. Alinifundisha na jambo jingine ambalo wakati ule lilinikera. Pampu ikishatengenezwa, hakukubali kuandika kwenye kitabu kwamba imepona mpaka ndoo ya kwanza ijae na mtu aondoke nayo. Hata mvua inyeshe. Hata mkuu wa kambi awe amesimama pale na kalamu mkononi.

"Andika, Samweli, nina mkutano."

"Maji kwanza, mkuu."

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na sikumwona hata siku moja akiandika kabla ya maji.

Kisha tukaletwa Marekani, mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Miezi ya mwanzo nilifunga maboksi ghalani. Ilikuwa kazi safi, na ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa narudi nyumbani mikono haina harufu yoyote. Siku moja nimeshuka basi kitongoji cha Shively, nikasikia gari linakohoa ndani ya gereji ndogo. Nikaingia bila kubisha. Mzungu mzee mwenye tumbo kubwa alikuwa ameinamia injini. Kwa Kiingereza changu chote cha wakati ule nikamwambia, "Hewa. Hakuna hewa."

Haikuwa hewa. Ilikuwa petroli, pampu yake imekufa. Nilikosea mbele ya watu watatu. Lakini mzee yule, Dale, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa ufagio. Baada ya wiki mbili za kufagia akanipa spana. Jina langu, Generoza, lilimshinda. Akaniita Jeni, nikaitika Jeni miaka yote niliyokaa naye.

Nyuma ya gereji ya Dale, chini ya turubai, palikuwa na gari. Mteja mmoja alikuwa ameliacha, akahama, asirudi. Dale alifuata taratibu zote za karatasi mpaka likawa lake, halafu hakuwa na hamu nalo. Siku moja upepo ulifunua turubai na mimi nikaona upande wake wa mbele. Vijana, sijui niseme nini. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani la miaka ya tisini, jekundu, milango miwili, viti viwili, fupi kwenda juu mpaka ukitaka kuingia unajikunja kama unayeingia hemani. Taa zake za mbele zilikuwa zimelala ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwimbaji wa kwaya, nikalipenda pale pale.

Dale alipotangaza kwamba anastaafu na kufunga gereji, alinitupia ufunguo. "Ukiliwasha, Jeni, ni lako."

Nilitumia saa zangu za chakula cha mchana wiki tatu nzima. Panya walikuwa wametafuna nyaya, tangi lilikuwa na kitu kilichowahi kuwa petroli. Siku lilipowaka, lilinguruma mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la jirani. Dale akapiga makofi. Mimi nikalia, nikasingizia moshi.

Moshi wenyewe ulikuwa mkali, na nilijua kwa nini. Katikati ya bomba la moshi la gari hukaa kile chombo tunachokiita masega, kwa sababu ndani kina vijitundu kama sega la nyuki. Kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka nje. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameyakata masega na kuchomelea bomba tupu, ili gari lingurume kiume. Nilimwuliza Dale kama hilo ni sawa.

"Hapa hakuna anayeuliza, Jeni," akasema. Na kweli, Louisville hawakuwa wakipima moshi wa magari tena.

Nyumbani, Baba Eliya alilizunguka mara mbili. Watoto wawili wakubwa, Eliya na Riziki, walikuwa wameshaondoka. Tulibaki sisi wawili na Neema, kitinda mimba. "Tuko watatu," akasema, "nawe umeleta gari la watu wawili." Kanisani mke wa mchungaji aliniuliza nimeliazima kwa nani. Nilipomwambia ni langu, aliniombea.

Tukahamia Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, jimbo la Ohio, ambako Eliya alikuwa amepata kazi. Huko nilifanya kazi kwenye duka la kubadilisha oili, nikafundishwa kusoma kompyuta za magari. Nikanunua kisomaji changu, kidogo kama simu ya zamani. Unakichomeka chini ya usukani, gari linakueleza maumivu yake. Nilisoma magari ya watu kutwa. La kwangu sikulisoma hata mara moja. Msinicheke. Mtu akipenda haulizi maswali, na Columbus nako hakukuwa na anayeuliza.

Halafu Riziki akajifungua mapacha Buffalo, jimbo la New York. Mjukuu mmoja unamtembelea, wawili unahamia. Gari letu jingine, lile kubwa la familia, lilikuwa limekufa kabisa. Tukakodi lori, Baba Eliya na Neema wakapanda mbele, mimi nikafuata nyuma na jekundu. Ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka 2015.

Hapa Buffalo nilipata kazi kwenye gereji hii yetu, kwa Rafa, ambaye wengi wenu mlimkuta ameanza kuota mvi. Wakati ule alikuwa mweusi tii kichwani na mkali. Wazazi wake walitoka Puerto Rico. Aliniita Sinyora, yaani Bibi kwa Kihispania, tangu siku ya kwanza na hajaacha. Alinichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Alitaka mtu wa pili wa kukagua magari, akaahidi kwamba nikimridhisha atanipeleka kwenye mtihani wa leseni ya jimbo.

Wale mliozaliwa hapa mnaona ukaguzi ni kitu cha kawaida. Mimi sikuwa nimewahi kuusikia. Ijumaa nilipokwenda kuandikisha gari, nikapewa namba mpya na stika ya muda ya kubandika kwenye kioo: siku kumi. Ndani ya siku hizo lazima gari likaguliwe, breki, taa, matairi, na moshi. Mchana wa siku ile ile nikalipeleka kwa Rafa, nikitabasamu.

Akaingia akakaa. "Fungua ufunguo, usiwashe injini. Taa ya injini iko wapi?"

"Taa hiyo haijawahi kuwaka," nikamjibu kwa fahari.

"Sinyora, sasa hivi inatakiwa iwake. Ukiwasha injini ndipo izime."

Akamwita Bahati, mwenzetu Mkongomani wa Bukavu, ambaye vidole vyake vinaingia mahali popote. Bahati akafungua dashibodi, akachungulia kwa tochi, akaanza kucheka.

"Mama, bon, hapa hakuna ampuli. Banaitosha. Iko shimo tu."

Mtu alikuwa ameing'oa balbu ili asiione. Miaka yote ile nilikuwa namshukuru Mungu kwa taa isiyowaka.

Rafa akaliinua gari, akaliangalia lile bomba tupu, akalishusha. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Bahati akaweka balbu mpya, taa ikawaka njano, ikakaa. Kisomaji changu kikatoa makosa matatu: sensa ya nyuma ya moshi, plagi moja isiyochoma vizuri, na mvuke wa petroli unaovuja karibu na tangi.

"Limeanguka," Rafa akasema. "Sikiliza, Sinyora. Mkono wako ni mzuri. Lakini siwezi kupeleka jina lako kwa watu wa leseni wakati gari lako mwenyewe liko namna hii. Una mpaka Jumatatu, si hii, ile inayofuata. Likipita, nitakupeleka. Lisipopita, tutaona."

Nilijua maana ya tutaona. Na si leseni tu. Gari lile lilikuwa ndilo gari letu pekee. Baba Eliya alikuwa amepata kazi kiwandani Cheektowaga, nje kidogo ya mji, zamu inayoanza kabla mabasi hayajaamka. Stika ikiisha, anakosa usafiri. Akikosa usafiri, anakosa kazi. Nilimweleza jikoni, akaendelea kumenya viazi.

"Kwa hiyo," akasema, "hilo tundu la watu wawili ndilo linalotulisha?"

"Ndilo."

"Basi lihudumie."

Sasa vijana, hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Mnadhani nililala na huzuni? Nilikuwa na gari ninalolipenda, ugonjwa ulioandikwa kwa namba, na siku zinazohesabika. Nilisikia raha kama msichana aliyeitwa kwenye mchezo. Jumamosi niliagiza masega mapya, yale yenye muhuri unaokubaliwa na jimbo hili, maana si kila masega yanaruhusiwa. Bei yake siitaji. Baba Eliya bado yu hai na anaweza kusoma.

Wakati tunayasubiri nilishughulikia mengine. Mpira mwembamba juu ya tangi ulikuwa umepasuka kama kisigino, nikauweka mpya. Nikabadilisha plagi zote nne na nyaya zake. Sensa ya nyuma nilipoifungua nikakuta ujanja mwingine: ilikuwa imewekwa juu ya kikombe kidogo cha chuma ili isinuse moshi sawasawa, iidanganye kompyuta kwamba masega yapo. Nilikitoa kile kikombe nikakiweka kwenye meza ya Rafa. Alikiokota, akakigeuzageuza mkononi.

Masega yalifika Alhamisi. Baada ya saa za kazi Bahati akabaki kunisaidia. Nati zake hazikuwa tena kama za Kentucky. Chumvi inayomwagwa barabarani Ohio wakati wa theluji inakula chuma kwa miezi mitatu kuliko miaka kumi ya kule, na bomba lenyewe la zamani lilikuwa limeoza kwenye maungio. Tukapasha moto, tukagonga, tukapasha tena. Nati ya mwisho ilipokubali, Bahati aliibusu, ikamchoma mdomo. Ijumaa jioni bomba lilikuwa limechomelewa, masega yamekaa mahali pake, yanang'aa kama sufuria mpya. Nikafuta makosa kwenye kompyuta. Taa ikazimika. Nikawasha injini: sauti ilikuwa imeshuka, laini, kama mtu aliyeacha kupiga kelele akaanza kuongea. Niliipenda zaidi.

Mngedhani yameisha. Sivyo, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Ukifuta makosa, unafuta na kumbukumbu ya kompyuta. Kompyuta inataka ijifanyie upya majaribio yake yenyewe, moja baada ya jingine, na haiyafanyi gari likiwa limesimama gereji. Inataka gari liendeshwe kwa namna yake: lipoe kabisa, liwashwe, lisubiri kidogo, lishike maili hamsini na tano kwa saa bila kuyumba, liachiwe lipungue lenyewe mpaka maili ishirini bila kugusa breki wala klachi, kisha lirudie. Mashine ya serikali ikikuta majaribio mengi hayajakamilika inalikataa gari hata kama ni zima. Gari la umri wa lile liliruhusiwa kubakiza mawili tu.

Jumamosi nikatoka nalo barabara kuu. Nimeshika hamsini na tano, lori likaniingilia mbele. Breki. Nikaanza upya, watu wanaokwenda madukani wakajaa. Breki. Saa mbili nzima za breki. Kisomaji kikasema yamebaki matatu: la masega, la kurudisha moshi kwenye injini, na la mvuke wa petroli. Mawili kati ya hayo yalihitaji barabara tupu. La mvuke lilitaka tangi lisijae wala lisiwe karibu na kuisha. Robo mpaka robo tatu. Nikajipa moyo: tangi langu liko nusu, kesho asubuhi mapema yote yatakamilika.

Mchana Baba Eliya aliomba ufunguo aende dukani. Alirudi na mkate, na uso wa mtu mwenye siri nzuri.

"Nimekujazia tangi," akasema. "Mpaka juu kabisa. Ili kesho usihangaike."

Nilikaa kwenye ngazi. Neema alitoka nje akaniona. "Mom, are you okay?" Nikamwambia baba yako ana upendo mwingi, lita zaidi ya ishirini.

Kwa hiyo jaribio la mvuke likafa pale pale. Sikuwa na nafasi ya kukosa tena. La masega au lile jingine, angalau moja lazima likamilike Jumapili. Jioni Bahati akapita nyumbani, nikamweleza. Akaangalia mlangoni kwanza, akashusha sauti.

"Mama Eliya, minakuambia kitu. Jumatatu Rafa anatoka saa ine kuenda benki. Mashine mi najua. Tunabranche ingine gari, ile mweupe ya mteja yenye iko muzuri, tunaandika ya kwako. Donc, inapita. Nani atajua?"

Alitaka mashine ichomekwe kwenye gari la mteja, karatasi itoke na namba yangu. Nisiwadanganye: nilifikiria. Niliwaza zamu ya Baba Eliya, nikawaza leseni. Bahati hakuwa mtu mbaya, na si mbaya hata leo. Alikuwa ameona huruma. Lakini nilimwona Samweli kwenye matope, na mkuu wa kambi ameshika kalamu.

"Hapana, Bahati," nikamwambia. "Lipite lenyewe au lianguke lenyewe."

"Mama, weko muguumu sana."

"Najua. Kula ugali."

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, limepoa kama jiwe. Nilihitaji mtu wa kunisomea karatasi niliyoandika hatua za kuendesha, na kuangalia saa, kwa sababu macho yangu yalitakiwa barabarani. Neema alijifunika blanketi. Baba Eliya, ambaye tangu Louisville alikuwa akilipanda gari lile kwenda kazini na dukani tu, polepole, njia ya pembeni, akavaa suti yake ya kanisani akaingia. Magoti yalimfika kidevuni. Alifunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akauvuta tena.

"Soma," nikamwambia.

"Washa. Usiende. Dakika mbili na nusu."

Tukasubiri. Kisha nikatoka, taratibu, mpaka barabara inayofuata ziwa kuelekea kusini. Hakukuwa na mtu. Ziwa Erie lilikuwa upande wa kulia, bado vipande vya barafu vinaelea, jua ndiyo kwanza linaamka. Nikapanda gia. Gia ya pili, ya tatu. Lile gari, vijana! Lilikaa barabarani kama kidole mezani. Nikafika hamsini na tano nikashika.

"Shika hapo dakika tano," Baba Eliya akasema, sauti imebana. "Usiongeze. Usipunguze. Usi... Mama Eliya, hii barabara inakimbia sana."

"Soma karatasi."

"Dakika moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano! Achia!"

Nikaachia. Gari likapungua lenyewe, hamsini, arobaini, thelathini, injini ikiguna chini chini. Ishirini. "Panda tena!" akapiga kelele, na nikasikia kitu kwenye sauti yake ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa vijana. Nikapanda. Nikashika. Nikaachia. Mara ya tatu tunapungua, nikaona taa za buluu na nyekundu kwenye kioo.

Nikasimama pembeni, injini inaendelea. Mikono yangu juu ya usukani. Askari wa barabarani, kijana mrefu, akainama sana ili atuone. "Asubuhi njema. Nimewafuata maili tatu. Mnakwenda kasi ya kawaida, mnapungua kama mnaolala, mnakwenda tena. Kuna mgonjwa?"

Kiingereza changu kikanikimbia chote. Ndipo Baba Eliya, mtu asiyesema na askari hata salamu, akainua karatasi yake kwa mikono miwili na kutangaza, "Kompyuta inafanya mtihani! Tafadhali, isizimwe!"

Askari akamtazama. Akaichukua karatasi, akaisoma, uso ukalegea. "Nani fundi?"

"Mke wangu," Baba Eliya akasema, akanionyesha kama anaonyesha jengo alilojenga.

"Gari langu lilikataliwa mwaka jana kwa hili hili," askari akasema. "Hakuna aliyenieleza." Akamrudishia karatasi. "Endeleeni. Kaeni njia ya kulia, na mkipungua washeni taa za tahadhari. Bahati njema kwenye mtihani."

Alipoondoka tukacheka mpaka Baba Eliya akalegeza tai. Tukaendelea, mara ya nne, mara ya tano. Karibu saa mbili nikaingia maegesho ya kando ya ziwa, nikachomeka kisomaji. Kioo chake kidogo kikafikiri. Nikashuka mstari kwa mstari. Masega: tayari. La kurudisha moshi: tayari. La mvuke: bado.

"Ngapi?" akauliza.

"Limebaki moja tu."

Alifungua mlango, akatoka na suti yake, akarusha mikono juu mbele ya ziwa zima akapiga vigelegele kama mwanamke kwenye harusi. Mtu mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alivuka barabara. Kanisani tulichelewa, na tulinuka petroli, na niliimba sauti ya juu kuliko kawaida.

Jumatatu Rafa hakwenda benki kwanza. Akaketi ndani ya gari. Ufunguo: taa ikawaka. Injini: taa ikazimika. Akaliinua, akayapiga masega kwa kucha, ting. Akachomeka mashine ya serikali. Tukasimama watatu tunaangalia kioo chake. Mashine ikaandika kwamba gari haliongei nayo. Bahati akaguna kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine. Nikachomoa, nikasafisha vidole vya ule waya wa mashine kwa brashi, nikachomeka. Ikakubali. Sekunde zile, vijana, zilikuwa ndefu kuliko miaka ya kambini. Halafu printa ikaanza kutoa karatasi.

Rafa aliisoma yote, na herufi ndogo. Akakwangua stika ya siku kumi, akabandika mpya, akaipapasa kwa kidole gumba. "Limepita," akasema. Akaingia ofisini akatoka na fomu ya mtihani wa leseni, jina langu tayari ameliandika juu, na tarehe yake inaonyesha aliijaza Jumatano, siku niliyoweka kile kikombe mezani kwake.

Mtihani nilifanya mara mbili, maana mara ya kwanza Kiingereza kiliniangusha. Baada ya hapo nimekagua magari yenu, ya mapadri, ya walimu, ya watu waliolia na waliotukana. Niliyakataa mengi na sikuandika hata moja kwamba limepita kabla halijapita. Bahati alipata leseni yake miaka miwili baadaye, na sasa ni mkali kuliko mimi.

Lakini siku ile, Jumatatu, nilitoka nje na fomu mkononi, nikamkuta Baba Eliya amekuja kutoka zamuni kwa lifti ya mwenzake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria, mkanda umefungwa, karatasi ya jana juu ya magoti.

"Limepita," nikamwambia.

"Bahati kanieleza." Akainyoosha ile karatasi. "Washa. Dakika mbili na nusu."

"Baba Eliya, mtihani umekwisha."

"Najua," akasema. "Twende."